Njema, Ila...

Siku chache zilizopita kazi ilitupeleka milima ya Usambara kwa upande wa Korogwe, tukielekea Dindira kwenye mashamba ya chai. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Pikipiki iliyotuchukua ikashindwa na utelezi kabla hatujafika, tukaona heri tuushike mlima kwa miguu. Kwenye kona moja ya njia tulikutana na mama mtu mzima, amejifunga kanga kiunoni, kichwani amejitwika sufuria kubwa ya kupikia shughuli. Katika nchi ya Wasambaa watu hawapishani kimya kama mbuzi. Tukasimama, tukamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mwatoka wapi?"

"Twatoka Korogwe. Habari za nyumbani?"

"Njema."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, twamshukuru Mungu."

"Na mvua?"

"Imekuja kwa wakati wake. Mahindi yamesimama."

"Basi ni heri."

"Ni heri, baba. Ila mjukuu wangu tumemzika jana."

Alisema maneno hayo kwa sauti ile ile aliyosemea mahindi. Ndipo tukafahamu sufuria ile ni ya nini: ameiazima kwa jirani apate kuwapikia watu wa matanga. Tukampa pole, akaipokea. Naye akatuuliza habari zetu, tukamjibu, tukaachana. Lakini mazungumzo yale mafupi yalitukaa rohoni njia nzima, na hata sasa tunapoandika hayajatoka.

Wako watu ambao wangemhukumu mama huyu. Wangesema: mbona amejibu "njema" hali nyumbani kuna kilio? Mbona amesema watoto hawajambo, na mmoja wao yumo kaburini? Siku hizi mafundisho ya namna hiyo yamejaa. Twaambiwa kwamba mtu sharti aseme la moyoni papo hapo, asifiche kitu, na kwamba kila uso uliotulia juu ya uchungu ni uso wa uongo. Sisi hatukubaliani na hukumu hiyo, wala hatuikatai yote. Twataka kuipima.

Kwanza yafaa tuitazame ile "njema" yenyewe. Katika lugha yetu neno hilo si taarifa ya hali ya mambo. Ni ukumbi wa nyumba. Mgeni hupokewa ukumbini, akapewa kiti, akapumua, ndipo akaingizwa chumbani aliko mgonjwa. Mama yule hakutudanganya, alitukalisha kwanza. Hakupenda kututwisha msiba wake tungali tunahema kwa kupanda mlima. Kisha akatufungulia mlango, na mlango wenyewe ni neno dogo la herufi tatu, "ila". Wajuzi wa lugha watakumbuka kwamba ila ni dosari pia, nasi husema hakuna kizuri kisicho na ila. Basi mtu akikujibu "njema" akanyamaza, usidhani umekwisha kumsikia. Ngoja.

Wazee walisema uso umeumbwa na haya. Hawakusema uso umeumbwa na uongo. Mambo haya mawili yamekaribiana sana hata mtu huyachanganya, na hapo ndipo penye kazi yetu leo.

Watu wa Unguja na pwani walilijua tangu zamani neno barakoa, kifuniko cha uso cha wanawake wa heshima, ambacho hata leo huvaliwa na baadhi ya wanawake wa Oman na nchi za Ghuba. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ukalichukua neno hilo na kulifunga kila mdomo. Wamakonde nao wana mapiko, sura za kuchongwa ambazo mchezaji huzivaa katika sherehe za jando. Anapoingia uwanjani amevaa lipiko si fulani bin fulani tena, na hakuna mtu mwenye adabu atakayemwita kwa jina lake. Lakini ngoma ikiisha, lipiko huvuliwa, likafichwa mahali pake, na mtu yule akarudi nyumbani kula na wanawe. Sisi twaliona jambo hili kuwa ndilo kubwa. Barakoa yenye saa ya kuvaliwa na saa ya kuvuliwa haimdhuru mtu. Tuiogope ile ambayo mwenyewe amesahau kwamba ameivaa, na zaidi ile ambayo hakuna anayemruhusu aivue.

Tutoe mfano wetu wenyewe, ingawa haupendezi. Tulisoma katika shule ya misheni, na huko tulifunzwa mema mengi. Mojawapo ni kuuona uongo kuwa dhambi. Lakini tulifunzwa pia kwamba mvulana halii. Siku moja tuliitwa kutoka darasani, tukaambiwa kwamba bibi yetu, aliyetulea, amefariki, na kwamba nauli ya kwenda mazikoni haipo. Kisha tukaambiwa turudi darasani. Kulikuwa na jaribio la hesabu. Tulipata hesabu zote, na mwalimu akatusifu mbele ya wenzetu kwa ushujaa. Tulijivuna kwa sifa ile miaka mingi. Hatukujua kwamba tumelipia.

Tulikuja kujua katika mazishi ya mjomba wetu, tukiwa watu wazima wenye cheo na suti. Tulisimama kando ya kaburi kama nguzo, tukitoa amri za jeneza na viti. Jeneza lilipofika, mtani wa ukoo wetu akaruka ndani ya kaburi, akajilaza chali, akafumba macho, akasema hatoki mpaka alipwe jogoo wake. Marehemu, akasema, alikuwa bahili tangu tumboni, na hata kaburi lake amelichimbisha fupi ili kupunguza gharama. Waombolezaji wakacheka. Nasi tukacheka, maana mjomba alikuwa bahili kweli, na kila mmoja alilijua hilo na hakuna aliyethubutu kulisema siku ile. Na katika kucheka huko, pasipo kujua, tukaangua kilio. Tulimlia mjomba, na nadhani tulimlia na bibi, kwa deni la miaka zaidi ya ishirini. Mtani akatoka kaburini taratibu, akajifuta udongo, wala hakudai jogoo tena.

Wageni wengi waliotembelea nchi yetu waliudhani utani kuwa mchezo. Mmoja aliyeuchunguza kwa makini ni Reginald Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi Amani, katika Usambara ya Mashariki, akaandika juu ya utani wa Tanganyika mwaka 1941 na tena mwaka 1944. Wanyamwezi waliokwenda pwani na misafara walifunga utani na makabila ya njiani. Wangoni na Wahehe, waliopigana vita vikali katika karne ya 19, wamekuwa watani, na kumbukumbu ya vita vile imegeuka mizaha. Na nyumbani babu ana utani na mjukuu, shemeji na shemeji. Kila mtu, hata awe mkubwa kiasi gani, aliwekewa katika jamii mtu mmoja ambaye hawezi kumkasirikia, mwenye ruhusa ya kumvua barakoa hadharani. Hatujui taasisi nyingine iliyobuniwa kwa hekima kama hii, nayo haikuhitaji ofisi wala bajeti.

Jirani zetu Wataita, ng'ambo ya mpaka, walikwenda mbali zaidi. Waliamini kwamba hasira iliyofichwa moyoni mwa mtu, hata ikiwa ni hasira ya haki, yaweza kuwaletea watu wake maradhi na mikosi. Dawa yake ilikuwa ibada iitwayo kutasa: mtu alichukua funda la pombe au maji ya miwa, akalitema kwa kulirushia hewani, huku akiitoa hasira kwa maneno na kuwaombea wenzake heri. Grace Harris, aliyeishi kwao mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliandika kitabu kizima juu ya ibada hiyo. Kwetu jambo la kupendeza ni kwamba hakuna aliyeambiwa, "Usikasirike." Aliambiwa, "Iteme."

Sasa tugeuke upande wa pili.

Ukipanda mlima kutoka Korogwe na kutazama nyuma, waliona bonde la mto Pangani na nchi ya mkonge. Katika bonde hilo, wakati wa ukoloni, walifanya kazi manamba, watu walioletwa kutoka mbali na kujulikana kwa namba. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, Silabu, iliyowachukua watu kutoka Kigoma, kutoka nyanda za kusini na hata kutoka nchi za jirani. Kila mtu alikuwa na kipande chake, kadi ya siku 30 za kazi; kipande kisipojaa, hakuna mshahara. Mbele ya mnyapara na bwana wa shamba neno lilikuwa moja tu, "Ndiyo, bwana", na uso wa kusemea neno hilo ulikuwa mmoja. Mtu aliyeliwa kichwa na homa alisema ndiyo. Mtu aliyepata habari ya kufiwa kwao, mwendo wa siku nyingi, alisema ndiyo, akaendelea kukata mkonge.

Lakini watu hawaishi kwa uso mmoja. Ngoma ya beni, iliyoanza katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ilikuwa imekwisha kuenea Tanganyika, na wachezaji wake walivaa kofia za maofisa, wakajipa vyeo vya jenerali na kapteni, wakapigiana saluti. Wazungu wengine walicheka wakidhani wanaigwa kwa mapenzi. Wengine waliingiwa na hofu. Twadhani hawa wa pili walikuwa na macho zaidi.

Na huku juu milimani Wasambaa wana maneno mawili makubwa ya siasa: kuzifya shi, maana yake kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha Mlalo mpango wa kuzuia mmomonyoko wa udongo, na miaka iliyofuata ukapanuliwa Usambara. Wakulima waliamriwa kulima matuta katika miteremko. Kwa elimu ya udongo mpango haukuwa wa kipumbavu. Lakini Mmarekani Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1990 juu ya wakulima hao, ameeleza hofu iliyokuwa chini yake: maskini waliishi kwa kuazimwa mashamba na jamaa na jirani, na ardhi iliyokwisha kutolewa jasho la matuta ingegeuka mali ya wachache, nao wabaki vibarua. Wataalamu walihesabu matuta. Maskini walihesabu mashamba ya kuazima. Ofisa aliyefika shambani alionyeshwa matuta. Hakuonyeshwa hofu. Hivyo serikali iliandika maendeleo katika ripoti zake, na kufika mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango wenyewe ukafa, na matuta yakaachwa yabomoke.

Twawakumbusha wasomaji kwamba huko Usambara hata watawala wa jadi walivaa barakoa. Simba Mwene alipofariki, kifo chake kilifichwa mpaka mrithi amekwisha kuingizwa Vuga. Watu wa nyumbani mwake walipita na nyuso za kila siku, na bwana wao amelala maiti. Lakini ile nayo ilikuwa na kikomo. Ngoma ikilia, nchi ilijua.

Ingekuwa rahisi kuishia hapa, tukawatupia wakoloni mzigo wote. Haki haituruhusu. Mwaka 1962, nchi ikiwa changa, Mwalimu Nyerere alitoa kijitabu kiitwacho Tujisahihishe, akiwataka wanachama wa TANU waseme makosa yao na ya wenzao bila kuficha. Katika ahadi za mwanachama ilikuwamo, na ingalimo, ile isemayo, "Nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko." Haya yalikuwa maneno mazito. Hata hivyo mwaka 1973, ilipoamriwa kwamba wananchi wote wa vijijini wawe wamehamia katika vijiji kabla ya mwisho wa 1976, viongozi wengi wa mikoa na wilaya walisahau ahadi hiyo. Palikuwa na mahali ambapo nyumba zilibomolewa na watu wakapakiwa malorini, kisha ripoti zikapanda juu zikisema wananchi wamehama kwa furaha. Aliyeandika alijua. Aliyesoma, pengine alijua pia. Chama kilichoapa kusema kweli kilikuwa kimewazoeza watu wake kusema "njema" na kuishia hapo.

Nasi wa magazeti tulikuwa wapi? Tulichapisha picha za watu wanaopiga makofi.

Makofi yenyewe ni barakoa ya mikono. Tumehudhuria mikutano mingi, na kila mara twastaajabu jinsi watu wale wale waliopiga makofi wanavyozungumza dakika tano baadaye, chini ya mwembe. Wale wa chini ya mwembe si wanafiki. Wamejaribu kusema "ila" mara moja au mbili, wakaitwa wachochezi, wakajifunza. Mfanyakazi anayemchekea msimamizi wake kwa jino pembe hakuzaliwa na cheko hilo; amelinunua kwa kuogopa kukosa unga wa watoto. Na yuko kiongozi, bila shaka mnamjua, kila wilaya ina wake, ambaye hufika kijijini akateremsha kioo cha gari na kuuliza, "Hamjambo? Mambo yanakwendaje?" Injini haijazimwa. Watu hujibu, "Njema!" kwa sauti moja, naye huondoka kabla vumbi la kuja halijatua. Jioni huandika kwamba hali ni shwari. Hakudanganywa na mtu. Amekataa kungoja.

Si mbali na Dindira, katika wilaya hiyo hiyo ya Korogwe, iko Lutindi. Wamisionari Wajerumani wa Bethel walijenga pale mwaka 1896 makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 pakageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, mojawapo ya zile kongwe kabisa katika Afrika Mashariki. Wagonjwa hufanya kazi za mikono, na kazi hiyo huhesabiwa kuwa sehemu ya tiba yao. Hatutaki kueleweka kwamba kuficha uchungu ndiko kunakomwuguza mtu akili. Mambo hayo yana madaktari wake, na wengi wanaougua hawakuficha lolote. Twasema jambo jingine. Nani katika sisi hajui nyumba ambayo mtoto wake ameugua ugonjwa wa namna hii, na majirani wakiuliza huambiwa, "Hajambo, amesafiri kwa shangazi yake"? Mwaka unapita, miaka miwili. Mficha maradhi, kifo humwumbua, nasi tulilijua hilo kabla ya daktari yeyote kuja na bado tunaficha. Kwa ugonjwa wa tumbo au wa mguu mtu hutoa ila yake hata kwa kondakta wa basi. Kwa ugonjwa wa moyo na akili hata ndugu wa tumbo moja huachwa ukumbini.

Wanaume ndio wabaya zaidi katika hili, na tunasema kwa ushahidi. Mwanamke wa Kiafrika, hata akinyimwa mengi, ameachiwa kisima, jiko na matanga; mahali pote hapo huweka chini sufuria, akasema. Mwanamume amejengewa baraza la siasa na mpira. Huko atagombana kwa ajili ya timu hadi mishipa imtoke shingoni, na asiseme hata mara moja kwamba usiku hapati usingizi. Tulijengeana wenyewe baraza hilo, tusimlaumu mtu.

Sasa tumalize habari ya yule mama, maana tuliieleza nusu.

Tulisema kwamba alituuliza habari zetu, tukamjibu. Maneno yake yalikuwa, "Na ninyi, baba, huko mlikotoka, habari?" Nyuma yetu, Dar es Salaam, tulikuwa tumemwacha mama yetu mzazi kitandani hospitalini, na daktari alikuwa amekwisha kutuita pembeni. Tulikuwa tumesafiri kwa sababu kazi ni kazi, na kwa sababu, tukisema kweli, njia ya Dindira ilikuwa nyepesi kuliko kile kiti cha kando ya kitanda.

Tukamjibu, "Njema, mama."

Hakuondoka mara moja. Alisimama na sufuria yake kichwani, mkono mmoja umeishika, akatutazama kama mtu anayengoja. Tukatazama chini, kwenye matope. Kisha akasema, "Haya, mwanangu. Nendeni salama," akaendelea kushuka.